Mbwa Aliyelipwa kwa Kurudi

Paukwa!

Pakawa.

Mh. Hizo ni sauti za wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, mbwa walikuwa wakiajiriwa na mbuzi. Msicheke. Alikuwepo Mama Mbuzi mmoja, ana watoto mapacha na walinzi watatu wa zizi: Chungu, Kibuyu na Uzi.

Chungu na Kibuyu walikuwa mbwa kama mbwa wote. Wanene, wazito, ukiwaambia kaa, wanakaa. Uzi alikuwa mbwa wa mbio. Mwembamba, miguu mirefu, kiuno kama cha nyigu. Akikimbia humwoni, unasikia tu vuuu. Fisi wa bonde lile alimwogopa yeye peke yake. Lakini ukimwita, anakutazama kama umemwita jirani.

Siku moja digidigi akapita. Vuuu, Uzi huyo. Fisi naye akaingia zizini. Mama Mbuzi akaita, "Uzi, njoo! Uzi, njoo!" Uzi alisikia, masikio anayo. Akaona digidigi ana maana zaidi. Chungu na Kibuyu walibweka mpaka koo zikakauka, lakini kwa mbio zao hata konokono angewaaga. Pacha mmoja akaenda na Fisi.

Mama Mbuzi alilia siku tatu. Ya nne akafuta machozi. "Huyu aliyebaki haendi popote," akasema. "Uzi atajifunza kutii, ama mimi si mbuzi."

Masomo yakaanza.

"Uzi, kaa."

Uzi akainama nyuma, mapaja yale marefu yakamgomea, akasimama tena. Mama Mbuzi akafoka. Uzi akakauka kama kigingi, hata mkia hautikisiki. Asubuhi nzima mbuzi anafoka, mbwa amekauka.

Paka alikuwa juu ya ghala, anatazama. Kazi nyingine hana. "Shoga," akasema, "mbwa wa namna hii hafokewi. Ukimfokea mwili unabaki, mwenyewe anakwenda zake. Akija, mpe kitu kitamu. Wewe nipe maziwa, mimi nitakupa dagaa."

Wakapatana.

Kesho yake Uzi akatoroka, akarudi adhuhuri. "Umekuja, baba, umekuja," Mama Mbuzi akambembeleza, akampa dagaa kutoka kapuni. Siku ya pili akatoroka, akarudi mapema. Dagaa wawili. Wiki ilipokwisha, Uzi anakwenda mpaka kwenye mchongoma, anageuka, anasubiri.

"Uzi, njoo."

Vuuu. "Nimekuja." Dagaa.

Anakwenda tena.

"Uzi, njoo."

Vuuu. "Nimekuja." Dagaa.

Mama Mbuzi akapita nyumba hadi nyumba. "Mbwa wangu anatii mara thelathini kwa siku. Wenu je?"

Chungu na Kibuyu walikuwa mlangoni tangu alfajiri. Kibuyu akauliza, "Mama, na sisi?"

"Nyie nini?"

"Dagaa."

"Nyie si mpo hapa hapa? Mtu aliyepo nimwite aje wapi?"

Wale wawili wakatazamana.

Nina jirani yangu, jina simtaji, nyumba yake ni ile ya karibu na kisima. Mkwe wake wa mbali akija, mara moja kwa mwaka, anachinjiwa jogoo. Huyu anayemchotea maji kila siku anakula kiporo. Lakini hayo si yangu. Turudi kwa mbwa.

Asubuhi iliyofuata Chungu akaenda mpaka mchongomani. Kibuyu akapitiliza, maana alitaka dagaa wakubwa. Uzi alishatangulia. Mama Mbuzi akaita, wakaja wote watatu, tifu tifu tifu, vumbi mpaka juu. Wakala, wakaondoka tena. Raha iliyoje.

Na mlango wa zizi haukuwa na mtu.

Fisi alikuwa kilimani siku zote hizo, anasoma masomo yale yale. Akashuka. Safari hii hata hakunyata. Akaingia, akamkamata mtoto aliyebaki kwa ngozi ya shingo. Meee!

"Njooni!" Mama Mbuzi akalia. "Uzi, Chungu, Kibuyu, njooni!"

Wakaja. Haki yao niwape, walikuja, wala hakuna aliyechelewa. Wakajipanga mbele ya Mama Mbuzi, migongo kwa Fisi, midomo wazi.

"Nimekuja," akasema Uzi.

"Fisi, Uzi. Fisi huyo nyuma yako."

"Nimekuja, mama."

"Kapu liko wapi?" akauliza Kibuyu.

Fisi akacheka puani, maana mdomo ulikuwa na kazi. Angeondoka akitembea, angemla mtoto yule kwa nafasi. Alikosea jambo moja tu. Alikimbia.

Uzi akaona kitu kinakimbia. Akasahau dagaa, akamsahau Mama Mbuzi, akasahau masomo yote aliyofundishwa. Vuuu. Fisi akasikia pumzi kwenye kisigino, akamtema mtoto, puu, akaongeza mbio.

"Uzi, basi, njoo!"

Uzi hakuja. Alimfukuza Fisi kilima cha kwanza, akamfukuza cha pili, akamtia katika bonde la watu wengine, na huko ndiko Fisi anakoishi sasa.

Mtoto akainuka, shingo imelowa mate tu. Mama yake akamlamba mpaka manyoya yakalala.

Uzi akarudi jua likizama, ulimi nje. Mama Mbuzi alikuwa ameketi mlangoni na kapu. Chungu na Kibuyu wamelala kando yake, kwa uvivu, si kwa ulinzi.

"Mpe, shoga," akasema Paka. "Amerudi."

"Kurudi silipi tena."

Akamwaga dagaa pale kizingitini. "Hawa ni wa atakayelala hapa."

Uzi akazunguka mara tatu, akajilaza mlangoni, akala. Kibuyu akafumbua jicho. "Sogea kidogo, ndugu yangu." Chungu naye akajipenyeza. Wakabanana kama magunia. Kesho yake Mama Mbuzi alipotaka kwenda malishoni, ilibidi awaruke.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo: mlipe anayekaa kabla hujamlipa anayerudi. La sivyo utafuga watoro, na utawaita watiifu.

Hadithi yangu imeishia hapo kizingitini. Mwenye haraka na airuke.