Mkoko Uliobeba Neno la Bi Time

Sogeeni, wanangu, mnisikilize.

Zimwi la bahari lilimwiba Mize, binti wa Bi Time, likamfungia kisiwani. Mama akauendea mkoko.

"Mwambie mwanangu bado namngoja."

"Mimi sitembei," mkoko ukajibu. "Nitatuma wanangu, japo aendaye harudi."

Ukadondosha mbegu majini. Ya kwanza ikamezwa na zimwi, ya pili ikakaukia mwambani, ya tatu ikanasa topeni kule kisiwani, ikaota. Mize akasikia majani yakisema, "Mama bado anakungoja."

Zimwi lilipokuja kumla, likanaswa na mizizi, lisijinasue tena, maji yakalifunika.

Mize hakuwa na chombo cha kurudia kwao. Mkoko ule wa kisiwani ulipozaa, akatia mbegu majini. "Mwambie mama nimepona."

Miaka ikapita. Chipukizi lililoota pwani kwao likamwambia Bi Time, ajuza sasa, "Mize amepona." Akaketi topeni, akalia mpaka maji yakajaa.