Dawa ya Mtu Mmoja

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuoa na sungura kuhukumu, bali zamani ya juzi tu, palikuwa na mji mdogo chini ya mlima. Mlimani walilima, mjini walishona na kuuza, mbugani walifuga. Kituo cha afya kilikuwa kimoja na wote walikaa kwenye benchi lile lile. Sikilizeni vizuri, kwa sababu kesi hii haikupata hakimu, na mwishoni mtaulizwa ninyi.

Mbugani aliishi Udagwenga, Mdatoga, mke wa Gidahoda. Tangu siku ya ndoa alivaa bangili za shaba, zimezungushwa kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, mikono yote miwili. Katika ukoo wa mumewe bangili hizo zilivuliwa siku moja tu, siku mume anapokufa. Mwanamke akionekana bila bangili, majirani hawakuuliza swali. Walikuja kulia.

Mwaka aliojifungua mtoto wa tatu, mikono ya Udagwenga ilianza kuchelewa kuamka. Yeye aliamka alfajiri, mikono ikabaki imelala. Hakuweza kufunga shuka. Hakuweza kumwinua mtoto. Hakuweza kukamua, na hilo ndilo lililomtisha. Katika boma lile kila mke alikuwa na ng'ombe wake, na maziwa ya ng'ombe wake yalilisha watoto wake. Mke asiyekamua, ng'ombe wake huhamia kwa mke mwenza.

Akaenda kituoni. Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, cha kununua na kuuza, kwa hiyo mumewe alimpa mdogo wake, Gwandu, awe mkalimani.

"Anasemaje?" Dakta Msengi akauliza.

Udagwenga alimtazama shemeji yake. Mambo ya kuvaa na kunyonyesha hayasemwi mbele ya shemeji. Akasema kwa Kidatoga, "Mwambie mikono inauma."

"Mikono inauma," Gwandu akasema.

Dakta akatazama shaba. "Bangili zinambana. Avue."

"Anasema uvue."

"Sawa," akasema Udagwenga, kwa adabu, akarudi nyumbani nazo.

Kiangazi kikapita, akarudi.

"Anasemaje?"

"Mikono inauma."

"Na bangili bado anazo? Mwambie bangili ndizo. Avue, na apunguze kukamua."

"Sawa," akasema Udagwenga, akarudi nyumbani nazo.

Masika yakapita, akarudi. Sasa vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kulala upande mmoja, kama mabua yaliyopigwa na upepo.

"Anasemaje?"

"Mikono inauma."

"Dakta, usijisumbue," akasema Nesi Tabu, akiwa mlangoni na trei. "Hawa wa mbugani hawaumwi kama sisi. Juzi nimemshona mmoja kichwani bila ganzi, alikuwa anacheka."

Dakta naye akacheka kidogo. Akampa Udagwenga vidonge vya maumivu. Hakumuuliza kwa nini havui, na Udagwenga hakusema. Akarudi nyumbani nazo.

Mjini aliishi Felista Kiula, fundi cherehani. Yeye na Dakta Msengi walikuwa Wanyiramba, wa tarafa moja. Siku mikono ya Felista ilipoanza kuvimba alienda kituoni mara moja tu. Walisalimiana kwa Kinyiramba, wakaulizana habari za wazazi na za mvua. Kisha Dakta akavuta kiti.

"Hebu niambie, dada. Asubuhi ukiamka inakuwaje?"

"Asubuhi mkasi siwezi kuushika. Mpaka wateja wawili wa kwanza waondoke wamekasirika, ndipo mikono inaamka."

Dakta akamshika vidole kimoja kimoja, akabonyeza vifundo, akatoa damu ipelekwe jijini. Majibu yakarudi: baridi yabisi, ile inayokula viungo. Jina la Felista likawekwa kwenye orodha ya daktari bingwa aliyefika mjini mara moja kwa mwaka.

Ungemuuliza Dakta Msengi, angeapa kwamba anatibu watu wote sawa, na asingekuwa anadanganya. Mikono ya Felista ilikuwa wazi, akaiona. Habari za asubuhi zilikuwa za lugha ya kwao, akaziuliza.

Siku ya gulio Udagwenga alipeleka shuka mbili kwa Felista zikunjwe pindo. Alifika na mzigo, akauweka mezani, akashindwa kufungua fundo. Felista akanyoosha mkono amsaidie. Naye akashindwa. Wakatazamana.

"Wewe mwenzangu," Felista akasema, "mikono yako huamka saa ngapi?"

Udagwenga hakuwahi kuulizwa hivyo. "Ng'ombe wakishaenda malishoni."

"Yangu wateja wakishanitukana."

Wakacheka mpaka muuza vitunguu wa jirani akageuka. Kisha Felista akaacha kucheka. "Unacho nilicho nacho mimi. Kituoni walikwambiaje?"

"Wanasema bangili."

"Bangili? Yangu mimi mbona haina bangili?" Akamwambia kwamba daktari bingwa, mama mmoja wa pwani aitwaye Dakta Shuweikha, anakuja wiki ile. "Uje. Nitakuombea nafasi. Na shemeji yako asiingie. Ila hizo bangili zitoke, dada, bila hivyo hata bingwa ataona shaba tu."

Jioni ile Udagwenga alimwambia mumewe. Mama mkwe ndiye aliyejibu kwanza.

"Mwanangu yuko hai, unataka kumvulia bangili?" akasema. "Unamwita mauti?"

Gidahoda akaitazama ile shaba. Alikuwa amemwona mkewe akikamua kwa viwiko, maziwa yakimwagika nje ya kibuyu. "Mwiteni mhunzi," akasema. "Watu wakitaka kunililia, walie."

Na kweli walilia. Mhunzi alikata shaba, na kabla jua halijapanda wanawake wa maboma ya jirani walikuwa wanakuja kwa makundi, vilio mbele. Gidahoda akatoka kusimama langoni.

"Mnamlilia nani?"

"Tunakulilia wewe!"

"Basi ingieni mninywee maziwa kabla sijazikwa."

Wengine walicheka. Wengine waliondoka bila kunywa, na mama mkwe hakusema na Udagwenga siku ile. Lakini mikono ilikuwa wazi. Chini ya shaba vifundo vilikuwa vimevimba, na kile cha kulia kilikuwa kimegeuka kigumu, hakikunjiki wala hakikunjuki.

Dakta Shuweikha alifika na kisanduku cha barafu. Aliwapima wote wawili, mmoja baada ya mwingine, mlango umefungwa, mume na shemeji nje. Udagwenga alisema kwa Kiswahili chake cha gulioni yote ambayo hakuwahi kuyasema: shuka, mtoto, maziwa. Dakta Msengi alisimama pembeni, anasikia kwa mara ya kwanza.

Kisha bingwa akawaita pamoja.

"Ugonjwa wenu ni mmoja," akasema. "Dawa ninayo, ni sindano moja ya kutosha mwaka mzima, na nimepewa ya mtu mmoja tu. Nikiigawa nusu kwa nusu, haimsaidii yeyote. Felista, mifupa yako bado mizima. Ukipata dawa, mikono itarudi yote. Ukikosa, nitakapokuja mwakani mkono wako mmoja utakuwa kama huu wa kulia wa mwenzako. Udagwenga, wa kulia umeshakwenda, sitakudanganya. Wa kushoto bado. Ukipata dawa, maumivu yatatulia na wa kushoto utabaki. Ukikosa, mwakani yote miwili itakuwa imekwenda."

"Mkono mmoja unakamua?" akauliza Udagwenga.

"Polepole, unakamua."

"Basi ng'ombe wangu wanabaki."

Dakta Msengi akakohoa. "Mheshimiwa, utaratibu uliokuja na dawa unasema apewe yule itakayemfaa zaidi. Kwa Felista inaokoa mikono miwili, kwa huyu mmoja. Mimi ningependa iwe vingine. Lakini hesabu ni hiyo."

Udagwenga alimtazama. Tangu mwanzo alikuwa amemwitikia sawa. Safari hii hakuitikia.

"Mimi nilikuja kabla yake," akasema. "Mikono yangu ilikuwa kama yake siku nilipokaa kwenye benchi lako. Nimekuja, nimerudi, nimekuja. Imeharibika hapa hapa mbele yako. Sasa unasema imeharibika mno, apewe mwenye mizuri. Mtu ukimchelewesha, kuchelewa kwake kunakuwa kosa lake?"

"Uliambiwa uvue bangili," Nesi Tabu akasema.

"Niliambiwa nimzike mume wangu. Nani aliniuliza?"

Nesi akatazama trei yake. Dakta Msengi akasema, "Kosa ni langu, mama. Sikatai. Lakini nikikulipa kwa mikono ya Felista, nitakuwa nimelipa kwa kitu kisicho changu."

Wote wakamgeukia Felista. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, viganja juu.

"Mnanitazama mimi nifanye wema," akasema. "Wema nimeshaufanya. Nani alimwona huyu? Si dakta, si nesi, si mumewe. Ni mimi. Lau ningekunja pindo zangu nikanyamaza, leo hapa pangekuwa na mgonjwa mmoja na dawa moja, na kila mtu angeenda nyumbani anashukuru. Nimefungua mdomo, na sasa niukose uponyaji kwa sababu nilifungua mdomo? Nami nina watoto, mwenzangu. Cherehani haiendeshwi kwa kiwiko."

"Najua," akasema Udagwenga.

"Sikuchagua kabila la dakta."

"Najua. Na mimi sikuchagua langu."

Hawakuwa wamekasirikiana. Felista alikuwa amevuta kiti chake karibu na cha Udagwenga tangu mwanzo, na hakukisogeza.

Kutoka nje sauti ya Gidahoda ikapenya dirishani: "Dakta mama! Dawa ya pili inauzwa wapi? Nina ng'ombe."

"Haiuzwi, baba," bingwa akajibu. "Nitaomba nyingine. Wakikubali, ni mwakani."

Dereva akapiga honi. Barafu kwenye kisanduku ilikuwa inageuka maji, na dawa ile ikipata joto inaharibika, haimfai mtu. Dakta Shuweikha akanawa mikono, akavunja kichupa, akavuta dawa ndani ya bomba la sindano, akaliinua kwenye mwanga.

Kwa wanawake wawili wenye ugonjwa mmoja, hesabu inasema Felista, maana kwake dawa inaokoa mikono miwili, na yeye ndiye aliyemwona mwenzake akamleta. Udagwenga anasema alikuja kwanza, akaachwa mpaka akaharibika, na sasa kuharibika kwake kunatumika kumnyima. Dakta anasema kosa ni lake, lakini hana mikono ya kulipia. Na mwenye sindano ni mgeni wa mambo haya. Amefika mjini asubuhi ile ile.

Wanawake wote wawili wamepandisha nguo begani. Hakuna aliyeusukuma mkono wake mbele, na hakuna aliyeurudisha nyuma. Bingwa amegeuka, anawatazama ninyi mnaosikiliza.

Je, achome mkono wa nani?