Jina la Mtoto wa Ndege Tatu

"Ataitwa Kisa!"

"Thubutu! Kwa kale kandege kako kama panzi?"

"Panzi huyo huyo alitua ambako dude lako haligusi, dada Zawena."

Mama wa mtoto, Sikudhani, aliwasikiliza marubani wakigombana kando ya kitanda cha hospitali, ng'ambo ya bahari, bintiye kifuani. Kwao Lemugi, mtoto mgonjwa hapewi jina mpaka apone, na akipona hupewa la aliyemwokoa kwa kumfikisha kwa tabibu. Jina moja tu. Mwenye jina huwa ndugu wa nyumba hiyo maisha yake yote. Wengine hushukuriwa, wakabaki wageni. Na leo tundu la moyo wa mtoto lilikuwa limezibwa, na kidonda kimepona.

Kisa huendesha jeti ndogo ya viti vinne. Haifiki mbali, lakini haihitaji uwanja mrefu. Ilishuka Lemugi kwenye changarawe, mbuzi wakiwa wamefukuzwa dakika hiyo hiyo. Bila Kisa, mtoto angefia nyumbani.

Mbonea huendesha jeti ya wastani, ya viti vinane. Alipompokea mtoto mjini, dhoruba ilikuwa imefunga njia. Akapanda juu yake, juu kabisa, hata Sikudhani akaona mawingu yamelala chini kama kondoo weupe, akadhani anaota. Bila Mbonea wangesubiri anga itulie, na mtoto hakuwa na muda huo.

Zawena, aliyewapokea kwenye uwanja mkubwa wa ndege, huendesha jeti kubwa yenye vitanda na jiko, inayovuka bahari bila kushuka kutia mafuta. Saa kumi na tatu, mashine ya hewa ikinong'ona, nyota zikiwa jirani dirishani. Bila Zawena wangefika wamechelewa.

Kosa lao lilikuwa moja. Kabla ya kuruka, kila rubani alimpakata mtoto akambembeleza kwa jina lake mwenyewe. Sasa akiitwa Kisa hufumbua macho. Akiitwa Zawena hucheka. Mbonea, ambaye hakugombana na mtu, aliinama akanong'ona, "Mbonea," na mtoto akamshika kidole.

"Haya, mama mtoto, sema wewe," Kisa akasema.

Sikudhani alifumba macho. Aliziona ndege tatu zikipita taratibu, ndogo, ya kati, kubwa, na mwanawe akiwa ndani ya zote.

Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa yeye, mngetamka jina gani?

Fikirini upesi, maana nesi amesimama mlangoni, kadi mkononi:

"Mama, mtoto ameruhusiwa kwenda nyumbani. Nimwandike nani?"