Mkunga Aliyeficha Safari

Mficha uchi hazai. Waliotunga methali hii hawakuwa na haya, na ni vyema hawakuwa nayo, kwa sababu mjamzito akiingia leba akakataa kufunuliwa nguo, mkunga atamsaidia vipi? Maana yake ni kwamba mwenye shida akiificha mbele ya wale wawezao kumsaidia, shida ile itabaki kuwa mzigo wake peke yake. Harriet Driciru aliijua methali hii kama alivyolijua jina la mama yake. Alikuwa mkunga katika kituo kimoja cha afya mjini Koboko, na haikupita wiki bila kumwambia mama mmoja au mwingine maneno hayo. Lakini binadamu ana vituko. Dawa anayowanywesha wenzake, mwenyewe huiona chungu.

Harriet alikuwa na jambo lake moyoni. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta hospitali ya ng'ambo ambayo ingekubali kumdhamini ili apate viza ya kazi. Kutafuta mdhamini si lelemama. Hospitali nyingi za huko humtaka muuguzi aliyeko kwao tayari. Aliyesomea nchi nyingine huambiwa samahani, au haambiwi kitu kabisa. Harriet alifanya mtihani wa Kiingereza, akaanguka, akarudia, akapita. Alituma maombi hadi vidole vikachoka. Hatimaye hospitali moja ya kaskazini mwa Uingereza ikamhoji kwa simu ya video, ikampenda. Sasa lilibaki jambo moja tu: msimamizi wake wa kazi, muuguzi mkuu Sista Ruqaiya, athibitishe kwamba anamjua na kwamba ni mfanyakazi mwema. Neno hilo likifika, hati ya udhamini ingetoka.

Nyuma ya hati hiyo alikuwako Obitre, mdogo wake. Obitre alikuwa ameacha chuo baba yao alipofariki, na siku hizi alishinda mpakani Oraba akingoja malori ya kupakua. Kila Harriet alipomwona na vumbi la saruji kichwani, moyo ulimuuma. Mshahara wa Koboko usingemrudisha kijana huyo darasani. Ule wa Uingereza ungemrudisha.

Tatizo ni kwamba kwao Awindiri, mjini Arua, safari ya ng'ambo haisemwi. Hutangazwa ndege ikiwa tayari hewani. Binamu yao Annet aliwahi kuagwa kwa mbuzi mzima na kwaya ya kanisa, kisha akanyimwa viza. Mpaka leo wauza nyanya humwita Landani, naye, maskini, amezoea kuitika. Ndiyo maana mama yake Harriet, mara tu aliposikia habari za hospitali ile, alifunga mlango kwanza ndipo akasema.

"Mwanangu, mdomo ndiyo adui ya safari. Usiambie mutu. Jicho ya watu iko mbaya."

"Lakini Mama, lazima Sista Ruqaiya ajue. Yeye ndiye wataandikia."

"Atajua siku ya kujua. Sasa funga mdomo."

Basi Harriet akafunga. Alikwisha kuliandika jina la Sista Ruqaiya kwenye maombi, kwa kuwa ilimbidi, lakini mwenyewe hakuambiwa neno. Kila jioni alijisemea, "Nitamwambia kesho," na kesho ikazaa kesho nyingine. Tena alimwogopa. Sista Ruqaiya alikuwa Mnubi wa hapo hapo Koboko, mwenye sauti nzito na jicho kali, na ndiye aliyemfundisha Harriet kazi tangu alipofika na cheti kisichokauka wino. Je, angechukuliaje kuachwa na mtu aliyemlea? Pengine angemwondoa kwenye zamu nzuri. Pengine angelia, na hilo Harriet aliliogopa zaidi.

Asubuhi moja, wakati wa kukabidhiana zamu, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama ukumbini, Sista Ruqaiya aliinua simu yake.

"Harriet, kuna watu ya Ulaya wameniandikia. Wanasema wewe unatafuta kazi kwao, wanauliza kama mimi nakujua. Hii maneno iko kweli?"

Daktari Jude aligeuka. Hata mfagiaji aliusimamisha ufagio wake. Harriet aliyaona macho yale yote, na katika kila jicho akamwona Annet akiitwa Landani sokoni. Ulimi ukamtangulia akili.

"Mimi, Sista? Niende wapi?"

Watu wakacheka. "Ulaya itamfanyia nini huyu?" akasema Jude. "Mvua ya Koboko tu inamtetemesha!"

Sista Ruqaiya hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha alilokuwa akilishuku. "Nilijua. Hawa matapeli wanachukua majina ya wauguzi wetu, wanafanyia biashara. Leo leo nitawajibu, wasichafue jina yako. Wewe iko mtoto yangu, Harriet. Hawatakuchezea mimi nikiwa hai."

Maneno yale ya upendo yalimchoma Harriet kuliko tusi. Mara simu yake ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa hospitali ile: walikuwa wakingoja neno la msimamizi wake, na orodha ya watakaodhaminiwa ingefungwa siku hiyo hiyo. Alijua sasa kwamba lazima aseme, na aseme upesi, kabla barua ya Sista haijatoka.

Alikwenda ofisini. Akamkuta Jude ameketi humo akijadiliana na Sista habari za dawa za malaria zilizokwisha.

"Unataka nini, mwanangu?" Sista Ruqaiya akauliza.

Harriet alimtazama Jude. Jude naye akamtazama kwa tabasamu la utani.

"Glavu, Sista," akasema.

Akatoka na boksi zima la glavu asizozihitaji. Pale nje aliegemea ukuta akajilaani. Alipokusanya moyo na kugeuka ili arudi, alisikia pikipiki ikiingia uani kwa kasi na mwanamke akipiga kelele.

Alikuwa Night Poni, mkulima wa Dranya, mimba yake ya pili, uchungu ukiwa umemshika kikweli. Mama mkwe wake alikuwa amemkumbatia kwa nyuma juu ya pikipiki hiyo. Harriet aliyasahau yake akamwingiza leba. Alipomgusa tumbo, akashtuka. Uchungu ulikuja juu ya uchungu bila kupumzika, na tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Akasikiliza mpigo wa moyo wa mtoto. Ulikuwa ukipungua.

"Mama, umekunywa dawa ya kienyeji?"

Night Poni alimtupia jicho mama mkwe wake. "Hapana, Sista."

"Ya kuharakisha uchungu. Umekunywa?"

"Hajakunywa kitu," mama mkwe akajibu upesi. "Sisi ni watu wa kanisa."

Harriet alikuwa ameyaona matumbo ya namna hii. Kama dawa ile ilikuwamo, kila dakika ya kungoja ilikuwa hatari, mfuko wa uzazi ungeweza kupasuka. Kama haikuwamo, ilimbidi atafute sababu nyingine. Alimtoa mama mkwe nje, tena kwa nguvu kidogo, akafunga mlango. Kisha akamwinamia mgonjwa.

"Hapa tuko wawili tu. Sitakugombeza, sitamwambia mkweo. Lakini ukinificha, mimi sina la kufanya, na mtoto anachoka. Mama, mficha uchi hazai."

Machozi yakamtoka Night Poni. "Nilikunywa, Sista. Kikombe mbili. Nilisema hapana kwa sababu yeye alikuwa hapo. Yeye ndiye alipika."

Harriet aliganda, mkono ukiwa bado juu ya tumbo la yule mama. Nilisema hapana kwa sababu alikuwa hapo. Alijisikia kama mtu aliyepigwa kofi mchana kweupe. Lakini mtoto hakuwa na muda wa kumngojea aone aibu. Alimlaza mama kwa ubavu wa kushoto, akamwekea dripu, akaita ambulensi ili wakimbilie hospitali kubwa kwenye chumba cha upasuaji.

Walipompitisha ukumbini, Harriet aliiona ofisi ya Sista Ruqaiya, mlango wazi, na Sista mwenyewe ameinamia simu, akiandika kwa kidole kimoja. Ilikuwa hatua chache tu. Neno moja lingetosha. Lakini nyuma ya Sista walisimama wauguzi wawili wakiisoma barua kwa vicheko, na mbele ya Harriet machela ilikuwa ikisonga. "Nikirudi," akajisemea. "Nikirudi tu, nitasema." Akapanda ambulensi.

Night Poni alipasuliwa, na mtoto akatoka akiwa hai, wa kike, mwenye sauti kubwa kuliko mama yake. Daktari wa upasuaji alimshukuru Harriet kwa kuujua ukweli mapema. Harriet aliitikia bila kusikia vizuri. Alikuwa akimpigia Sista Ruqaiya simu, na simu ikawa haipokelewi. Alichukua pikipiki akarudi kituoni mbio, akaingia ofisini bila kubisha hodi. Humo mlikuwa na Jude na wale wauguzi wawili. Safari hii hakujali.

"Sista, ni kweli. Niliomba mimi mwenyewe. Nilikudanganya mbele ya watu. Tafadhali, usiwajibu."

Sista Ruqaiya aliiweka simu mezani polepole. "Nimeshawajibu, Harriet."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba wewe hujaomba kitu. Kwamba umenithibitishia kwa mdomo yako, na mashahidi wapo. Kwamba huyo anayetumia jina yako ni mwizi." Sauti ile nzito ilikatika. "Nilifikiri nakulinda."

Hakuna aliyecheka. Jude aliinamisha kichwa akatoka, na wenzake wakamfuata. Harriet alikaa sakafuni kama mtoto akalia kwa kwikwi.

Sista Ruqaiya hakuwa mtu wa kulia na anayelia. Aliwapigia simu Uingereza papo hapo, kwa Kiingereza chake kama cha amri za jeshi, kifupi na kilichonyooka. Aliwaeleza kwamba alikosea, kwamba binti huyu ni mkunga bora kuliko wote aliopata kuwafundisha, na kwamba leo hii ameokoa roho mbili. Kisha akaandika barua ya pili. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwahidi jibu.

Jibu lilikuja kesho yake. Waliandika kwa upole kwamba wana barua mbili za msimamizi mmoja, na moja inaikana nyingine. Kwa kanuni zao, hawawezi kumdhamini mtu ambaye habari zake zina utata, na nafasi ile imekwisha kwenda kwa mwombaji mwingine. Wakamtakia kila la heri. Hizo ndizo heri wanazotakiwa walioachwa.

"Kwa nini hukuniambia?" Sista Ruqaiya akamuuliza, wakiwa wawili. "Filda, muuguzi mwenzenu, alipotaka kwenda Ulaya, alikuja nyumbani kwangu, tukala, akasema. Mimi ndiye niliyemwandikia. Laku, mwenzake, pia. Wewe ningekuandikia na mikono mbili."

Yule Harriet aliyemwogopa kuwa kizuizi ndiye aliyekuwa mlango.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Awindiri. Obitre alikuwapo, ametoka Oraba, akila bila kuuliza kitu. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Mama yao ndiye aliyekuwa amewaka moto. Alikuwa amesimama katikati ya nyumba akiwataja majirani mmoja mmoja, na binamu wote wa upande wa baba.

"Iko mutu amekata safari yako! Naapa iko mutu! Nani alijua? Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, Mama."

"Basi nani amefanya hii?"

Harriet alimtazama mdogo wake, mwenye saruji kwenye nyusi, kisha akamtazama mama yake. Alisema kwa sauti ambayo hata majirani wangeisikia, na hakuishusha.

"Hakuna mtu aliyenionea wivu, Mama, kwa sababu hakuna aliyejua. Hakuna aliyenisaidia, kwa sababu hakuna aliyejua. Niliyefanya hivi ni mimi."

Obitre aliacha kula. Sasa Harriet ameanza kutafuta mdhamini mwingine, na safari hii Koboko nzima inajua, wauza nyanya wa Arua pia; wengine wanamcheka, lakini Sista Ruqaiya amekwisha kumwandikia barua, na Filda anaulizia huko aliko. Kama atapata, Mungu ndiye ajuaye. Ile nafasi ya kwanza iliyokuwa mkononi mwake ilimponyoka, wala haikuibwa na jicho la mtu. Wahenga walikwisha kutoa hukumu: mficha uchi hazai.