Jina Moja kwenye Kibandiko

“Mara ya kwanza, kekee ya kutobolea imevunjika. Mara ya pili, kekee imevunjika. Mara ya tatu, kekee bado imevunjika! Kumbe ilikuwa nzima, Mbwana?”

“Ilikuwa nzima, Bi Mwanakombo.”

“Mwongo mkubwa we! Mwanangu akaolewa shingo tupu!”

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, ndivyo walivyogombana watu wawili mjini Tanga: Bi Mwanakombo, mfua nguo wa nyumba ya wageni, na Mbwana, sonara jirani yake. Siwema, mjukuu wa Bi Mwanakombo, alikuwa katikati na hakuweza kutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatazama saa ya ukutani. Bwana Teofili, mkaguzi wa sarafu kutoka Dar es Salaam, alikuwa na basi la saa nane, na saa saba ilikwisha kupita.

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, ililala dola moja ya rangi ya dhahabu, ya zile zilizotolewa kuwakumbuka marais wa Marekani. Dola za namna hiyo huandikwa hata ubavuni, mwaka na maneno yao. Hii ilipita mashine bila kuandikwa, kosa adimu linaloipandisha thamani. Ukingo wake ulikuwa laini kama pete.

“Nitaipeleka ng’ambo wakaipime,” Bwana Teofili alikuwa amesema. “Wataipa daraja, moja hadi sabini, kisha wataifunga kwenye kasha lisilofunguka. Itarudi kwa Bi Mwanakombo, ni mali yake. Ila kibandiko cha kasha kina mstari mmoja wa jina. Si jina la mwenye mali. Ni la yule ambaye bila yeye sarafu hii isingefika hapa.”

Hapo ndipo Mbwana alipotoa siri yake, na ugomvi ukawaka.

“Nisikilizeni mimi kwanza,” alisema Bi Mwanakombo. “Mama wa Kizungu aliugua malaria chumba namba sita. Nilimkanda siku tatu, nikamnywesha uji. Alipopona akanipa dola hii, mpya, haijashikwa na mtu. Nyingine wageni walizoniachia nilizitupia koponi, maana dukani kwa wabadili fedha sarafu hawazitaki. Hii niliifunga kwenye pamba, nikaitia kwenye kifuko, nikaificha sandukuni miaka tisa. Bila mimi, leo mngekuwa mnatazama nini?”

“Ungeitoboa!” alisema Mbwana.

“Ningemfanyia mwanangu kidani! Kosa?”

“Sasa nisikilizeni mimi,” alisema Mbwana. “Alikuja na dola hii, nitie tundu. Nikaigeuza, nikaona imetoka nzima haina hata mkwaruzo, mkono ukanikataa. Nilijua nikimwambia ukweli ataipeleka kwa sonara mwingine. Nikasema kekee imevunjika. Nikasema tena. Nikasema tena. Ujira wa kazi ile nikaukosa, na harusi sikualikwa. Bila mimi, leo mngekuwa mnatazama nini?”

“Tungetazama shingo ya mwanangu Saumu imependeza,” alijibu Bi Mwanakombo. “Alilia siku ile, Mbwana. Wakwe walimcheka.”

Mbwana akainamisha kichwa.

Siwema alikuwa akivuta uzi wa ushungi wake mpaka ukakatika. Aliacha shule kidato cha pili, kabla ya mtihani. Jina lake halikuwahi kuchapwa kwenye cheti chochote. Tangu Bwana Teofili ataje kibandiko kile, alikuwa akiliona pale, herufi kwa herufi.

“Na mimi nisikilizeni,” alisema. “Zile dola za kopo nilizipanga mimi, rais kwa rais. Nikasoma mbavu zake zote. Siku moja Bibi akiwa kazini nikafungua pamba. Nikaizungusha hii, mara ya kwanza, mara ya pili, haina neno. Ni mimi niliyemtafuta Bwana Teofili, nikamwandikia barua nne. Bila mimi, leo mngekuwa mnatazama nini?”

“Nilikukataza usifungue!”

“Ulinikataza, Bibi.”

Bwana Teofili akavaa glavu, akaielekeza dola kwenye mwanga. Shavuni pa rais palikuwa na alama ya dole gumba, dogo, la msichana.

“Hili litaishusha daraja,” alisema taratibu.

Siwema akaficha mkono nyuma.

“Ni hilo tu? Nipe limao na majivu niisugue,” alisema Bi Mwanakombo.

“Limao la nini? Nina kitambaa changu cha kung’arishia,” alisema Mbwana, naye akanyoosha mkono.

“Msiguse!” Bwana Teofili alipiga kelele, majirani waliojaa barazani wakaruka. “Mkiisugua mmeiua. Ibaki kama ilivyo, na dole lake.”

Akaitia dola kwenye kijaluba, akachukua begi, akatoka. Siwema alimfuata hatua kwa hatua, hajui aombe au anyamaze. Mlangoni Bwana Teofili akageuka, kalamu mkononi, akawatazama bibi, sonara na msichana. Kisha akawatazama majirani.

“Nyinyi mmesikia yote, na basi langu halingoji. Mmoja aliitunza, naye angeitoboa. Mmoja aliiokoa, kwa uongo. Mmoja aliitambua, akaitia doa. Mstari ni mmoja tu. Je, niandike jina la nani?”