Kanda Iliyosafishwa

Mshona magodoro mmoja, jina lake Kondo, alikuwa na kanda ya kaseti, na ndani yake wimbo mmoja alioupenda kuliko chakula. Ulirekodiwa kwenye harusi ya mtaani kwao, redio ya kurekodia ikiwa juu ya kiti katikati ya watu. Kwa hiyo mlikuwa na kila kitu humo: mtoto analia, sufuria zinagongana, wanawake wanapiga vigelegele.

Mkewe, Mwanahawa, alipofariki, Kondo akawa anaipiga kanda ile kila jioni barazani. Majirani wakaja. Lakini, kwa alivyoona yeye, hawakuja kusikiliza wimbo. Mmoja alingoja kikohozi cha marehemu baba yake. Mwingine alirukaruka, "Huyo mimi huyo, nagombea pilau!" Kondo akachemka. Wimbo ni wimbo, bwana, na kelele ni kelele. Yeye alikuwa na pahala pake, mwisho wa ubeti wa pili, ambapo kifua humbana na macho humlowa. Aliamini huo ni ufundi wa mwimbaji.

Akaipeleka kwa fundi mwenye kompyuta. Akaagiza kila sauti isiyo ya mwimbaji na vyombo vyake iondolewe, kisha wimbo urudishwe juu ya kanda ile ile. Fundi akamwuliza kama ana hakika. Kondo akamjia juu. Basi fundi akafanya alichoagizwa.

Jioni ile wimbo ulitoka safi kama sahani iliyooshwa. Majirani walisikiliza kwa adabu, wakaaga mmoja mmoja, wala hawakurudi tena. Hilo halikumwuma. Kilichomwuma ni ule ubeti wa pili. Ulikuja, ukapita, na kifua kisishtuke. Akarudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. Hamna kitu.

Akaenda kumwuliza jirani yake, Bi Sihaba, pale palikuwa na nini. Yule mama akamjibu:

"Shemeji, pale ndipo Mwanahawa alipopiga kigelegele. Mtaa mzima tunakijua. Wewe siku zote ulikuwa unalilia nini?"

Kondo akarudi kwake, akaiwasha kanda. Mwimbaji aliimba vizuri mno, bila mtu wa kumkatiza, na baraza nzima ilikuwa na msikilizaji mmoja.

Nawe unayekereka na wenzako wakiuingilia wimbo wako, umeshajiuliza ni nani aliyeufanya ukawa wako?