Tarakimu Nyekundu za Nyamizi

Hapo zamani, ile zamani ya juzi tu, wala msibishe, palikuwa na chuo kikuu kilichokunywa maji kuliko tembo mia. Mkuu wa chuo akatangaza: atakayekipunguzia kiu atapewa nyumba moja iliyobaki kwenye mtaa wa wafanyakazi.

Nyamizi, mtunza bweni, moyo ulimruka. Hakutaka bati wala baraza. Alitaka majirani. Kila likizo wanafunzi wakienda kwao, hubaki peke yake na vyumba mia mbili, akisalimia milango.

Dokta Kazimoto, mhandisi wa chuo, akafunga mita ya maji kila jengo. "Mama, andika tarakimu nyeusi, zile za maelfu ya lita. Nyekundu achana nazo, ni vijilita tu."

Nyamizi alisikia "andika", mengine yakampita. Akaandika zote. Likizo ilipofika, kwa upweke akawa anaisoma mita hata mara tatu kwa siku. "Umeshindaje, shoga?" aliiuliza.

Siku moja, kati ya chai na chakula cha mchana, nyeusi zilisimama, nyekundu zikakimbia. Na bomba hakufungua hata moja! Akampigia fundi Shekulwavu.

"Fundi, kuna mtu anakunywa maji humu."

"Umepata mgeni, shangazi! Mkaribishe chai!"

"Ningempata, ningekuita wewe?"

Fundi akacheka, lakini akaja. Akalaza sikio sakafuni, akachimba siku tatu, akakuta bomba limepasuka chini ya ngazi. Mabweni yote yalijengwa vivyo hivyo, na yote yalivuja pale pale. Akachimba yote, akaziba yote. Kiu ya chuo ikapungua nusu.

Mkuu akafurahi, akaongeza amri: mabweni matupu yafungwe kila likizo. Mtunza bweni ahamie stoo ya bondeni. Stoo ile, jirani yake ni nyasi.

Wakaitwa watatu mbele ya Mkuu, ijulikane nyumba ni ya nani.

"Bila mita zangu," alisema Dokta, "mngekuwa mnabahatisha hadi leo."

"Mita haizibi bomba," alisema fundi. "Aliyekula vumbi ni mimi."

Nyamizi aliangalia viganja vyake. "Mimi nilikosea kusoma."

"Siku hizi kosa nalo linapewa nyumba?" Dokta akamkatiza.

"Nilikosea, baba. Lakini wote mlipoondoka, nani alikuwepo?"

Ufunguo ni mmoja, unaning'inia kidoleni mwa Mkuu, naye anawatazama ninyi mnaosikiliza. Je, nani alistahili kuupokea?